Kisanduku Kisichouliza

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na mojawapo ni meza ya kukunja iliyo chini ya ngazi za kanisa letu hapa Dayton, karibu na boila linalokohoa, lile la kupasha jengo joto. Kila Jumamosi, tangu mwisho wa Januari mpaka katikati ya Aprili, Ndugu Lyman Pettway huketi hapo na kompyuta yake na jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kipajini, akiwajazia watu fomu za kodi ya mapato bila kuwadai chochote. Kabla ya kustaafu alikuwa mpeleka barua. Husema kwamba zamani aliwapelekea watu barua za kodi wakamfungia mlango, na sasa watu wale wale wanampangia foleni na kumletea keki.

Februari iliyopita nilipanga foleni hiyo kwa mara ya kwanza. Mume wangu, Amos Hairston, alifariki mwezi wa sita wa mwaka juzi. Siku zote za ndoa yetu mambo ya karatasi yalikuwa yake, na mambo ya jikoni na ya maombi yalikuwa yangu, ingawa yeye naye aliomba na mimi nami nilimsaidia kutafuta miwani. Fomu yetu ya mwaka wa msiba ilijazwa na rafiki yake wa kiwandani, nami nilitia sahihi pale aliponionyesha, bila kusoma, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Baada ya hapo nilijiambia kwamba sitatia tena sahihi kwenye kitu nisichokisoma. Nikajiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima. Kazi yangu ni ya kufua mashuka ya hospitali, na ninatoka kazini miguu ikiwa imevimba, lakini nilikwenda. Mwalimu wetu, Bi Fontaine, ana kanuni moja ambayo huirudia mpaka tunacheka: soma swali mpaka nukta. Nusu ya makosa ya duniani, husema, yanatoka kwa watu waliojibu swali kabla halijaisha.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu Bi Fontaine alitugawia nakala za fomu ya kodi ili tufanye mazoezi ya kusoma na hesabu. Nilikaa na yangu kwenye meza ya jikoni, penseli mkononi. Swali la kwanza kubwa linahusu hali yako ya kifamilia, na lina visanduku vitano. Cha asiye na ndoa. Cha mume na mke wanaojaza pamoja. Cha mume na mke ambao kila mmoja anajaza yake. Cha mkuu wa kaya, yaani asiye na mwenzi anayelisha watu wa nyumba yake. Na cha mwisho, cha mjane aliyebaki na mtoto anayemtegemea.

Nilifika kwenye neno “mtoto” nikasimama. Sikufika kwenye nukta. Nikarudi juu, nikatia alama kwenye kisanduku cha asiye na ndoa, na mahali pa kuandika watoto, ambao humpunguzia mtu kodi, nikapaacha wazi.

Inafaa niseme kwa nini, maana ndani ya nyumba yangu kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Zaria ni binti wa Amos. Mama yake mzazi alikufa Zaria akiwa anajifunza kutembea. Nilipoolewa alikuwa na miaka saba, amepungukiwa meno mawili ya mbele, na siku ya harusi aliniuliza kama nikihamia kwao nitataka kitanda cha juu au cha chini. Tangu siku hiyo ninamsuka nywele, ninampikia, ninakwenda shuleni kwake nikiitwa. Ananiita Bi Verdell, kama alivyoniita siku ya kwanza, na sikuwahi kumwomba aniite vingine. Lakini hatukuwahi kwenda mahakamani nikamuasili. Amos alikuwepo, haja ilikuwa wapi?

Amos alipokufa nikaanza kuiona haja. Wifi yangu Corliss, dada yake Amos, anaishi Cleveland. Ni mtu mwema, tena mcheshi, na aliponipigia simu baada ya Krismasi hakuwa na ubaya wowote. Alisema ananipenda na mimi najua, lakini kwa karatasi yule mtoto si wangu, na kama ninaona uzito, yeye yuko tayari kumwandika kwenye fomu yake, maana ni damu ya kaka yake na kiangazi alikaa kwake. Nikamwambia nitaliombea jambo hilo. Na kweli niliomba. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kulijibu, kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwezi wa saba wa mwaka jana.

Mwezi wa saba Corliss alikuja na gari lake kumchukua Zaria kwa likizo. Mimi nilisimama chini ya ngazi, nikamwambia Zaria, “Chukua kila kilicho chako.” Akachukua. Alishuka na masanduku mawili, mto wake, viatu vyote, na taa ya mezani ambayo baba yake alimnunulia. Gari lilipoondoka nikapanda chumbani kwake. Kilikuwa kitupu na nadhifu kama chumba cha hospitali kinachosubiri mgonjwa mwingine. Nikakaa kwenye godoro nikasema, Bwana, basi amehama. Anayehama kwa kimya hataki kuulizwa.

Katika kanisa letu kuna desturi moja inayowahusu wanakwaya, na Zaria ni mmoja wao. Majoho ya kwaya ni mali ya kanisa, lakini kila joho lina jina la mwenyewe ndani ya kola. Mtu akihama, akienda chuo au jeshini au akiolewa mbali, hulifua joho lake, akalikunja, akamkabidhi Mama Odessa Crume mbele ya kwaya nzima. Mama Odessa, ambaye ametunza kabati la majoho tangu nikiwa msichana, hulipokea kwa mikono miwili, wote wakamwekea mikono anayeondoka na kumwombea. Kisha jina linafumuliwa. Hakuna anayeondoka bila kufanya hivyo. Mwaka huo huo kijana mmoja wa besi alikwenda chuo kikuu Alabama, na nilimwona akilia kama mtoto joho lilipochukuliwa.

Mwezi wa nane ilikuwa zamu yangu kufua majoho. Nikakuta la Zaria ndani ya kabati, la zambarau, jina lake bado kolani. Nikadhani amesahau kulikabidhi kwa haraka za safari. Nikalifua pamoja na mengine, nikalipiga pasi. Nilipaswa kumpelekea Mama Odessa kwa niaba yake, lakini sikuwa na moyo huo. Nikalitundika pale pale lilipokuwa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Corliss akamrudisha. Masanduku mawili, mto, taa. Corliss akasema mtoto amependa kurudi shuleni kwake. Nikasikia neno “shuleni” tu. Tangu hapo mimi na Zaria tuliishi kama wapangaji wenye adabu. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Akaanza kujisuka mwenyewe. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na hakuna aliyecheka.

Nayo ile fomu ya penseli niliiacha mezani siku mbili tatu, nikaja kuikuta imegeuzwa juu chini. Sikufikiri chochote.

Jumamosi ile ya Februari, theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, na foleni ya Ndugu Pettway ilikuwa fupi. Nilimpa karatasi ya mshahara wangu na fomu ya penseli aisahihishe. Aliisoma akiwa ameshusha miwani ya kipajini na kuiweka juu ya ile ya puani, jambo ambalo hufanya anapoona ajabu.

“Dada Verdell,” akasema, “umejiandika huna ndoa na huna mtoto. Yule anayeimba alto safu ya pili, anayekula kwako kila siku, ni nani? Malaika?”

Nikamweleza. Mtoto ni wa marehemu, si wa kumzaa, sikumuasili, na sitaki kuandika mbele za Mungu na serikali kitu ambacho si changu. Chini ya fomu ile kuna maneno ya kiapo. Nilikuwa nimeyasoma hayo mpaka nukta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitabu chake cha mafunzo, kile ambacho wanaojitolea hupewa kila mwaka na kufanyiwa mtihani, akatafuta ukurasa, akaniambia nisome mwenyewe. Nilisoma kwa kidole. Mtoto wa mwenzi wako ni mtoto wako katika mambo ya kodi, sawa na wa kumzaa. Na undugu ulioletwa na ndoa hauvunjwi na kifo.

“Soma tena hiyo ya mwisho,” akasema.

Nikaisoma tena. Nilikuwa nimetumia miezi yote ile nikiamini kwamba tulipomzika Amos tulizika na kamba iliyonifunga kwa Zaria. Kumbe hata watu wa kodi, ambao hakuna anayewasifu kwa huruma, walikuwa wamekaa wakalifikiria jambo hilo wakaliandika. Nikasema asante Yesu kwa sauti ya chini, na Ndugu Pettway akasema amina bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

Akaanza kunipeleka kisanduku kwa kisanduku. Cha asiye na ndoa hakinihusu. Mwaka ule wa msiba wenyewe, sheria ilinihesabu kuwa mke wa Amos mwaka mzima, ndiyo maana tuliweza kujaza pamoja hata kama alikuwa kaburini. Na kwa miaka miwili inayofuata mwaka wa msiba, mjane anayemlea mtoto wa nyumba ile, kama hajaolewa tena na kama yeye ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, anahesabiwa kodi kwa kiwango kile kile nafuu cha wenye ndoa. Mjukuu hatoshi kwa kisanduku hicho, akasema, wala mtoto uliyekabidhiwa na ustawi wa jamii umlee. Lakini mtoto wa kambo anatosha.

“Hujaolewa tena?” akauliza.

“Na nani, Ndugu Pettway? Na boila hili?”

“Nauliza kwa niaba ya serikali.” Akaandika. “Nyumba unalipa wewe?”

“Mimi.”

“Na mtoto aliishi nawe mwaka mzima?”

Boila likakohoa.

Nilimwambia kwamba mwezi wa saba na wa nane Zaria alikuwa Cleveland. Akasema likizo haina neno; mtoto aliyekwenda kutembea, au shule ya bweni, au hospitali, anahesabiwa yuko nyumbani, maadamu nyumbani ndiko anakorudi. Nikamwambia hilo ndilo nisilolijua. Nikamwambia masanduku mawili, mto, na taa. Kama alikuwa ameondoka kabisa, kisha akabadili mawazo, je?

Alivua miwani yote.

“Hapo itakuwa alihama, akarudi kuanza upya,” akasema. “Kisanduku hiki kinataka mwaka mzima, kwa hiyo hakitafaa.” Kisha, kwa sababu ni mtu mwema na alikuwa ameona uso wangu, akasogeza kidole kwenye kioo. “Lakini sikiliza. Kiko hiki cha mkuu wa kaya. Hiki kinataka zaidi ya nusu ya mwaka tu. Hata tukitoa siku zote za Cleveland, unapita. Mtoto unamwandika vile vile. Unachopoteza si kikubwa. Na hiki, Dada Verdell, hakiulizi kama alihama. Hakiulizi alikuwa na nia gani.”

Nilikitazama kile kisanduku. Kilikuwa halali. Hakukuwa na uongo ndani yake hata chembe. Ningetia sahihi, ningepanda ngazi, ningekwenda nyumbani kupika, na nisingelazimika kumuuliza mtoto swali ambalo nililiogopa kuliko daktari. Kwa maana angeweza kujibu, ndiyo, nilikuwa nimehama. Angeweza kusema, nilirudi kwa ajili ya shule tu. Na neno likishatoka haliwezi kurudishwa kwa pasi wala kwa sabuni.

Niliinamisha kichwa pale pale mezani, na Ndugu Pettway, aliyezoea, akafuta miwani yake. Sala yangu haikuwa ndefu. Nilisema, Bwana, ukinipa njia rahisi, nipe na uwezo wa kuikataa kama siyo. Nilipoinua kichwa nilijua. Kisanduku kile kilikuwa cha haki kwa mtu asiyejua jibu na asiyeweza kulipata. Mimi jibu langu lilikuwa nyumbani, limevaa soksi, likitazama televisheni.

“Niachie wiki moja,” nikamwambia.

“Kisanduku hakikimbii,” akasema. “Mwisho ni Aprili.”

Nilirudi nyumbani kupitia theluji. Jumamosi alasiri ndiyo saa ya nywele, kwa ajili ya Jumapili, na nilimkuta Zaria amesimama mbele ya kioo cha bafuni akihangaika na upande wa nyuma, ambao mtu hawezi kujifikia. Nikachukua kitana na mafuta, nikakaa kwenye kochi, nikamwambia aje. Alinitazama kidogo. Kisha akaja akakaa sakafuni katikati ya magoti yangu, kama alivyokaa tangu ana miaka saba, ingawa siku hizi miguu yake inafika mpaka kwenye televisheni.

Nilimsuka nusu ya kichwa kwanza. Sikufanya kwa hila, lakini ni kweli kwamba mtu aliyesukwa nusu hawezi kukimbia.

“Zari,” nikasema, “nina swali la serikali.”

“La serikali?”

“Wanauliza kama uliishi hapa mwaka mzima.”

“Wewe umewajibu nini?”

“Sijawajibu. Nimekuja kukuuliza wewe. Mwezi wa saba ulipokwenda kwa shangazi yako, ulikwenda kutembea, au ulihama?”

Nilimaliza msuko mmoja na kuanza mwingine. Nilishukuru kwamba hatuonani nyuso.

“Unaniuliza mimi?” akasema mwishowe. “Wewe ndiye uliyeniambia nichukue kila kilicho changu.”

“Nilisema hivyo usije ukapungukiwa ukiwa kwa watu.”

“Mimi nilidhani unanifukuza.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Kwa adabu. Kama unavyofanya mambo yako yote. Nikasema, sawa, nitabeba mpaka taa, asije akasema nimemwachia takataka.”

Mkono wangu ulisimama na kitana hewani. Nilitaka kusema mengi, lakini nikamkumbuka Bi Fontaine, nikangoja nukta.

“Sasa jibu la serikali,” nikasema.

“Joho langu nilimkabidhi Mama Odessa?”

Nikachota mafuta kidogo kwa kidole.

“Kwa nini unaniuliza kitu unachokijua, Bi Verdell? Uliniona nimesimama mbele ya kwaya? Mtu aliniwekea mikono? Hata Mama Odessa aliniuliza, siku ya mwisho ya mazoezi. Alisema, nasikia unakwenda Cleveland, joho vipi? Nikamwambia liache, ninarudi. Wewe mwenyewe ulilifua. Niliporudi, Jumapili ya kwanza, nililivaa likanukia ile sabuni yako ya hospitali, na ulikuwa umepiga pasi mpaka mikono. Nikasema, kumbe alikuwa ananingoja. Nilifurahi. Nikangoja useme.” Akavuta kamasi. “Halafu mwezi uliopita nikakuta ile karatasi yako ya penseli. Mahali pa watoto patupu.”

Kwa hiyo ndiye aliyeigeuza juu chini.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba niliacha patupu kwa sababu niliogopa kuiba.

“Kuiba nini?”

“Wewe. Kwa shangazi yako. Kwa damu ya baba yako.”

“Umenisuka tangu sina meno,” akasema. “Sasa ndiyo unaogopa kuniiba?”

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo si zuri ukiwa umeshika kitana, kwa sababu baada ya kidogo akasema, “Unavuta,” na nikamwambia atulie, na akasema yeye ametulia, ni mimi ninayetikisika. Tukamaliza kichwa chote. Alipoinuka alijitazama kwenye kioo cha korido akasema mistari ya nyuma imepinda kama barabara ya kwenda kwa watu wa milimani. Lakini hakuifumua. Jumapili aliimba nayo hivyo hivyo, na nilipokuwa nimekaa kwenye benchi nikiitazama ile mistari iliyopinda, nilimshukuru Mungu kuliko siku nyingi.

Jumatatu nilimpigia simu Corliss. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya kwenye kitabu, kwamba undugu wa ndoa hauvunjwi na kifo, kwamba wiki chache za kiangazi hazimfanyi mtoto kuwa wa fomu ya mtu mwingine. Sikuyahitaji. Nilisema tu kwamba fomu ya mwaka huu ninamwandika Zaria mimi, kwa sababu ni wangu.

Corliss alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. “Wifi,” akasema, “mimi nina watatu wananitafuna hapa. Huyo wa nne nilikuwa namshika tu, nikingoja mwenyewe ajitokeze. Mwaka mzima unaongea juu yake kama kitabu ulichoazima maktaba. Umechelewa, lakini umefika.” Kisha akaniuliza kama Zaria bado anapenda viazi vitamu vya kuokwa, maana Pasaka anakuja, na nikamwambia anapenda, na tukaongea mambo ya viazi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Zaria hakulazimika kuja, sheria haimtaki. Alisema anataka kuona serikali inavyouliza. Ndugu Pettway alimkaribisha kiti, akamkatia kipande cha keki ya siagi aliyoletewa na mtu wa kabla yetu, kisha akajiweka sawa na miwani yake na kuanza tangu mwanzo, kwa heshima, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Hujaolewa tena? Sijaolewa. Nyumba unalipa wewe? Mimi. Mtoto ni nani kwako?

“Ni mtoto wa mume wangu,” nikasema. “Ni mtoto wangu.”

“Na aliishi nawe mwaka mzima?”

Nilikuwa nimefungua kinywa, lakini nikamwona Zaria amenitazama, keki mkononi, akingoja kusikia. Kwa hiyo nilijibu kwa kumtazama yeye, si Ndugu Pettway.

“Mwaka mzima,” nikasema. “Alikwenda likizo, akarudi.”

“Amina,” akasema Ndugu Pettway, na akabonyeza.

Alipogeuza kompyuta ili nisome, nilisoma kila mstari kwa kidole, mpaka nukta, na hakuna aliyeniharakisha. Kwenye kisanduku cha mjane mwenye mtoto palikuwa na alama. Chini yake palikuwa na jina la Zaria Hairston. Zaria akainama begani kwangu, akasema pakiwa na nafasi liwekwe na jina lake la katikati, Lucille, la bibi yake mzaa baba, ambalo siku zote analichukia. Ndugu Pettway akaweka herufi ya kwanza, akasema fomu haina subira ya kutosha kwa Lucille mzima.

Nikatia sahihi.

Tulipokuwa tunavaa makoti, Zaria akauliza itakuwaje mwakani. Ndugu Pettway akamwambia mwakani ni kisanduku hiki hiki, Mungu akipenda na mama asipoolewa na boila. Mwaka wa baada yake muda wa mjane unakwisha, na hapo tutahamia kile cha mkuu wa kaya.

“Kile kisichouliza?” akasema Zaria. Nilikuwa nimemsimulia.

“Kile kile.”

“Basi itabidi aniulize mwenyewe,” akasema, akanipita kwenda ngazini.

Juu tulimkuta Mama Odessa amesimama mbele ya kabati la majoho, milango wazi. Alimwita Zaria, akamvisha joho juu ya koti, akalivuta mikono akatikisa kichwa. Limekuwa fupi, akasema. Mtoto anarefuka kama mahindi ya mwezi wa saba. Afadhali lirudishwe kabatini, aandikiwe jingine kubwa, na jina lifumuliwe huku lishonwe kule.

Nilimwomba anipe nilione. Nikaligeuza ndani nje. Upindo wa chini ulikuwa mpana, aliyelishona alikuwa mtu wa kufikiria mbele, na kitambaa kilichokunjwa mle kilikuwa bado cha zambarau kilichokoza, hakijaona jua.

“Litatosha,” nikamwambia Mama Odessa. “Nitalishusha upindo leo.”

Nikalikunja, nikalitia chini ya koti langu lisilowe na theluji, na Zaria akatufungulia mlango.